Utumbo wa Mke Wangu Uliozikwa Mgombani

Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayetaka maneno ya kitaalamu na awafuate wataalamu. Hapa nitasema niliyoyaona kwa macho, na mengine niliyoyafanya kwa mikono yangu mwenyewe, ambayo mengi ni ya aibu. Nitaeleza jinsi mke wangu alivyougua tumbo miaka minne, jinsi kila mjinga mwenye koti jeupe alivyoupa ugonjwa wake jina la kwake, na jinsi sisi, ukoo mzima wa watu wenye akili timamu, tulivyochukua kitu pekee kilichoweza kutuambia kama mwanamke huyu ataishi au atakufa, tukakifukia chini ya mgomba.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara milango. Kabla yake tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni, halafu ghafla Tukuyu mjini kukajaa kila kitu: makoti ya Wazungu waliokufa, saa zinazosimama baada ya wiki, redio za kaseti zinazomeza kaseti. Kiwanda cha chai nilichokuwa nachochea tanuru kikapata mwenye mali mpya, na mwenye mali akatupunguza kama mtu anavyopunguza machipukizi ya migomba yaliyosongamana. Nikarudi kijijini kwetu Kinyala kulima. Simlaumu. Chipukizi halimlaumu mwenye panga. Ila namdharau, hilo ni jambo jingine.

Na pamoja na mitumba zikaja zahanati. Kabla ya hapo mgonjwa alikwenda hospitali, akakaa kwenye benchi, akaambiwa dawa hakuna, akarudi. Sasa dawa zikawa kila kona. Chumba kilichokuwa cha kinyozi Jumamosi, Jumatatu kina pazia la kijani na darubini mezani. Mtaa wa Bulyaga peke yake nilihesabu nne kwenye njia moja, na katika hizo nne ugonjwa ulikuwa mmoja tu: taifodi. Jirani yangu alidondoka kwenye mparachichi akavunjika mguu, akapelekwa hapo, wakampima damu wakamwambia ana taifodi. Alikuwa nayo, sikatai, labda. Lakini mguu je? Naamini hata mbuzi ungempeleka pale angetoka na karatasi yake.

Nirudi kwa mke wangu.

Ilianza kwa tumbo kunguruma. Anakula kidogo, tumbo linalia mpaka wageni wanatazamana, kisha anakimbilia chooni. Mara sita kwa siku, mara nane, maji matupu. Baadaye ukaja uso. Yupo shambani anachuma chai, ghafla uso na shingo vinashika moto, vinaiva kama chungu kinapotolewa tanuruni, macho mekundu, na jasho hakuna hata tone. Ukimgusa shavu umegusa sufuria. Dakika chache, kwisha. Siku nyingine kifua kinambana na pumzi inapiga mluzi.

Tulianzia Bulyaga kwa bwana mmoja aliyekuwa karani wa ushirika kabla ushirika haujafa. Alitazama kwenye darubini kwa muda wa mtu kupiga chafya.

"Mama ana taifodi," akasema.

"Mwezi uliopita pia ulisema taifodi," nikamwambia.

"Ile ilikuwa ya kwanza. Hii ni nyingine."

"Na uso kuwaka?"

"Taifodi imepanda kichwani."

Mke wangu akanyanyuka pale kwenye benchi. "Na ikishuka miguuni utanipa viatu?"

Wa pili alisema amiba. Wa tatu, kijana aliyesuka nywele zake kama bibi arusi, alisema ni mambo ya kina mama waliofikia umri, asubiri yatapita. Tukasubiri. Hayakupita. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, akaanza kukonda mpaka khanga ikawa inamzunguka mara mbili.

Kanisani nako wakapata jibu lao. Mzee mmoja wa kanisa alimwona Jumapili mbili mfululizo uso umeiva na macho mekundu, akajua moja kwa moja: huyu anakunywa. Alijua vizuri, maana yeye mwenyewe kabla ya kuokoka alikuwa halali bila pombe ya kimpumu. Wakamwita mbele ya baraza wakamwambia asikaribie meza ya Bwana mpaka atubu. Mke wangu alikuwa hajaonja pombe tangu tuoane. Aliwaambia, "Nitatubu nikishakunywa." Wakamwongezea miezi mitatu kwa kiburi. Nami nilikaa kwenye benchi la nyuma, nikanyamaza. Katika habari hii utaniona nimenyamaza mara nyingi, zoea tu.

Mwaka wa nne tumbo likafunga. Kile kilichokuwa kinatoka kama mfereji kikakataa kutoka kabisa. Akatapika, tumbo likavimba likawa gumu, akajipinda kitandani anauma mto. Tulimpakia kwenye pikapu ya jirani mmoja anayepeleka ndizi mjini, tukamlaza juu ya majani ya migomba, tukampeleka hospitali. Sitasema hospitali gani. Siku hiyo hiyo akapasuliwa.

Daktari aliyempasua alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, mtu wa Singida. Alinitafuta kesho yake asubuhi nje ya wodi, mkononi ana chupa kubwa ya kioo yenye mfuniko mpana, kama zile za jemu. Ndani kuna maji meupe, na ndani ya maji kuna kitu cha kijivu kimejikunja.

"Baba, huu ni utumbo wa mama," akasema. "Nimetoa kipande cha utumbo mwembamba. Kilikuwa na uvimbe mdogo, mgumu, kama punje ya harage, na nyama ya pembeni imejivuta imekunjamana kuuzunguka. Ndiyo iliyomfungia njia."

"Umeutoa?"

"Nimeutoa. Lakini nilipopapasa ini nikakuta vivimbe vingine vidogo. Nimechukua kijipande, nimekiweka humo humo."

Nikamuuliza maana yake ni nini. Akavuta pumzi. Namkumbuka kwa hilo, kwamba hakuwa na haraka ya kujibu.

"Ugonjwa wa namna hii tunaupanga kwa hatua. Ukiwa ndani ya utumbo tu, ni hatua ya mwanzo. Ukiingia kwenye matezi ya jirani, umesonga. Ukifika kwenye ini, ni ya nne, ya mwisho. Kama hii ni kansa ya kawaida, sikufichi, umrudishe nyumbani akae na watoto wake. Lakini kuna aina nyingine, iko polepole sana, mtu akiwa nayo hata kwenye ini anaweza kuishi miaka, na yapo mambo tunaweza kumfanyia. Kule kuwaka uso kwake kunanifanya niifikirie hiyo. Ila kwa macho siwezi kutofautisha. Hii nyama ndiyo itakayosema. Ipeleke Mbeya leo, wao wataituma Dar es Salaam wakaikate nyembamba waitazame. Usiifungue. Hayo maji ni makali, ndiyo yanayoizuia isioze."

Nilielewa. Kusema kweli nilielewa vizuri kuliko wengi waliosoma. Mke wangu alikuwa amelala mle ndani na mpira puani, na uzima wake ulikuwa ndani ya chupa niliyoshika kwapani. Ningepanda gari pale pale Tukuyu, mchana nipo Mbeya. Badala yake nilipandisha nyumbani Kinyala.

Hapa lazima nimweleze baba mkubwa. Alikuwa kaka wa marehemu baba yangu. Ndiye aliyenilea na ndiye aliyetoa ng'ombe wa mahari, kwa hiyo kwa mke wangu yeye ni mkwe kamili. Na kwetu Wanyakyusa mkwe na mke wa mwanawe hawakutani. Mwanamke akimwona anakuja, anaacha njia, anaingia majanini, anainama, anajifunika mpaka apite. Jina lake halitaji. Hawaketi nyumba moja wala hawatazamani. Wakristo wengi walikuwa wameshalegeza. Baba mkubwa hakulegeza hata uzi mmoja. Zaidi ya miaka ishirini mke wangu alishuka kwenye matope na upupu ili yule mzee apite mkavu.

Na jambo la pili juu yake: alijua matumbo. Zamani, kabla ya dini kukolea, mtu akifa huku kwetu wazee walimpasua wakaangalia. Mchawi, walisema, ana nyoka tumboni, na nyoka huyo anaonekana kwenye utumbo. Baba mkubwa katika ujana wake aliwahi kushika majani ya mgomba mtu akipasuliwa. Kushika majani tu, jamani! Lakini kwa majani yale aliishi maisha yake yote kama profesa.

Alikuwa ametuma neno: chochote kitakachotolewa tumboni mwa mwanamke yule, kipite kwanza kwake. Nikajiambia ni kupita tu, nibadili shati na nimwonyeshe mzee, kisha niende. Mtu mwoga hakosi shati la kubadili.

Nilimkuta na wazee wawili wamekaa barazani. Tukaenda wote nyuma, ndani ya migomba, mvua ya Rungwe ikinyesha ile ndogo isiyoisha. Akaishika chupa juu, akaigeuza geuza. Mtu ambaye hajawahi kuona uso wa mkwewe tangu aolewe, ameinua utumbo wake dhidi ya mwanga kama anayekagua mafuta ya taa.

"Ona amejikunja," akasema. "Ona kichwa."

"Hicho ni kile kivimbe, baba. Daktari alisema..."

"Daktari wa Singida anajua nini kuhusu matumbo ya Rungwe? Fungua."

"Alisema isifunguliwe."

"Gwe, wewe mwanangu, nani alikulea?"

Nikafungua. Yale maji yakapanda puani kama pilipili. Baba mkubwa alikuwa ameinama karibu kabisa ili amwone nyoka vizuri. Akaruka nyuma amefumba macho, machozi yanamiminika, anakohoa.

"Ametema!" akapiga kelele. "Ametema mate! Funika! Funika!"

Wazee wale wawili walikuwa wameshafika kwenye mfereji, na sijawahi kuona wazee wenye magoti mabovu wakienda kasi namna ile. Nikafunika. Nikakaza. Macho nami yanawasha, na moyoni najua kabisa kwamba ni dawa, daktari kaniambia ni dawa, na mdomo umekaa kimya.

"Hiki hakiendi Mbeya," baba mkubwa akasema alipoweza kupumua. "Unataka serikali iandike kwenye karatasi kwamba ukoo wetu ulioa mchawi? Kinafukiwa na chupa yake, mahali nitakapojua mimi peke yangu. Yeye ameshatolewa nyoka, atapona. Akiulizwa mtu, kimepelekwa."

Nikamshikia mwavuli mpaka kwenye njia panda ya shamba. Hapo akaninyang'anya mwavuli, akachukua jembe, akazama migombani peke yake na chupa yangu.

Hospitali nikasema nimepeleka. Nilisema hivyo kwa daktari, nikasema hivyo kwa mke wangu, uso mkavu. Siku kumi na moja alikaa wodini. Kila asubuhi daktari: "Baba, Mbeya wamesemaje?" Nami: "Bado." Siku ya kumtoa akaniambia, "Fuatilia. Nataka kumwandikia rufaa aende kwa mabingwa, lakini barua bila majibu ya nyama ni karatasi tu. Hawatampokea. Watamhesabu kwenye wale wa kurudi nyumbani."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mke wangu amerudi nyumbani ameshika mshono, anajua majibu yapo njiani, na majibu yapo chini ya mgomba.

Siku ya tatu baba mkubwa akamtuma mkewe alete pole. Mama mkubwa alikuwa mwanamke mwema asiyeweza kubeba siri hata kutoka chumbani mpaka jikoni. Alikuja na maziwa ya mgando na ndizi mbivu, akaketi kitandani.

"Pole, mwanangu. Lakini shukuru. Angalau lile limeshafukiwa."

"Lipi, mama?"

"Lile... ah. Mimi niende, ng'ombe hawajanywa maji."

"Mama. Lipi?"

Nilikuwa mlangoni. Nikaanza kutazama ukuta, nikaona ufa ambao sikuwahi kuuona. Mama mkubwa akamwaga yote, kuanzia chupa mpaka mate ya nyoka. Alipokwisha kuondoka mke wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ulikuwepo?" akaniuliza.

"Nilikuwepo."

"Ulifanya nini?"

"Nilimshikia mwavuli."

Akashuka kitandani. "Mzee asilowe," akasema. "Umefanya vizuri. Mzee angelowa angeugua." Kisha akajifunga khanga mbili, moja juu ya mshono, akachukua fimbo, akatoka. Nikamfuata nyuma kama mbwa aliyekula mayai.

Asubuhi hiyo baba mkubwa alikuwa amekaa uani kwake anasafisha kiko. Alipomwona mkwewe anakuja moja kwa moja, hajainama, hajajifunika, alishtuka kuliko siku ya nyoka. Akajifunika uso kwa kofia, akageuka na kiti chake akatazama zizi.

"Mwambie mkeo aondoke!" akaniambia mimi. "Amechanganyikiwa! Mwambie!"

"Asiambiwe mtu," mke wangu akasema. "Nipo hapa, nasikia. Shikamoo, baba."

Kumwitikia ni mwiko. Kutomwitikia mtu mgonjwa aliyekuja kwa miguu nako ni aibu. Akabaki ameshika kofia usoni.

"Baba, tangu nimekuja kwenu ukipita natoka njiani. Nimeingia kwenye upupu nina mimba ya miezi minane. Sikulalamika, ni mila. Lakini wewe umeinua utumbo wangu mkononi ukautazama mbele ya wazee. Mume wangu hajauinua hivyo. Mama aliyenizaa hajauona. Sasa hapo unaficha uso gani? Umeshaniona mpaka ndani."

Nyuma ya kofia mzee akasema, akiliambia zizi, "Ni nyoka nilimtazama. Sikukutazama wewe."

"Alikuwa na urefu gani?"

"Alijikunja."

"Na alikutemea."

"Alinitemea! Macho yaliuma siku mbili!"

"Baba, ile ni dawa. Daktari kaniambia wanatia ili nyama isioze. Ungeitia kwenye nyama ya ng'ombe nayo ingekutemea."

Jikoni mama mkubwa akacheka, akajifanya anakohoa moshi. Nilimwona baba mkubwa amesikia kicheko kile, maana mabega yalishuka. Nadhani kilimuuma kuliko maneno yote. Amezoea kuogopwa, hajazoea kuchekwa na mke wake mwenyewe.

"Sikiliza, baba," mke wangu akasema, na sasa sauti ilianza kumchoka, akaegemea fimbo. "Ile nyama itasema kama ninaishi au ninakufa. Kama ni kufa, nitakufa, nitakaa na wanangu. Lakini sitakufa kwa sababu wewe ulishika majani zamani. Sitaondoka hapa uani. Nitakaa hapa kwenye mlango wako, utapita ukiniruka, kila siku, mpaka uniambie umeifukia wapi."

Fikiria mwenyewe. Mzee ambaye mwiko wake ni kutomwona mkwe, na mkwe ameketi kwenye kizingiti chake. Atakula wapi? Atalala wapi? Alikaa vile na kofia usoni kwa muda wa mtu kumenya sufuria ya ndizi. Kisha mkono ukatoka chini ya kofia, ukanyoosha kiko kuelekea shambani.

"Mwambie mumeo," akasema, na siku hiyo ndiyo ya kwanza katika maisha yao kumsemesha, "nyuma ya mfereji. Mgomba uliozaa mkungu mkubwa. Pale nilipoweka jiwe."

Nikachimba kama mwizi. Chupa ilikuwa salama, mfuniko umekaza, maji yamo, nyama imo, kwa sababu profesa wetu alimwogopa nyoka wake akamfukia na nyumba yake. Namshukuru kwa uoga huo. Uoga wangu ulikipeleka kile kitu ardhini, uoga wake ukakihifadhi. Sikubadili shati. Nilishuka Tukuyu nikiwa na matope mpaka magotini, nikapanda gari la Mbeya. Kijana wa maabara pale aliipokea kwa vidole viwili.

"Mzee, mbona chupa ina udongo?"

"Ilianguka," nikasema.

"Ilianguka ndani ya shimo?"

Nikamuuliza nisaini wapi.

Majibu yalichukua wiki saba. Wiki saba hizo ukoo ulikuwa umeshamzika. Walikuja kumtazama kwa macho yale ya kupima urefu wa sanduku. Shemeji zake kutoka Matwebe walikuja wakalala siku mbili, wakala kuku wawili, wakaondoka wamechukizwa kidogo kwamba bado anatembea. Yule wa taifodi wa Bulyaga alinikuta njiani akanipa pole ya msiba. Nikamwambia msiba bado. Akasema, "Basi mlete nimpime."

Daktari alitusomea karatasi sisi wawili ofisini kwake. Kwanza aliisoma kimya, na mke wangu akamkazia macho kama anayemtazama mtu anayechinja kuku wake.

"Ni ile ya polepole," akasema.

Mimi nililia, na sijali nani anajua.

Akatueleza. Ndani ya utumbo, alisema, kuna chembe ndogo ndogo ambazo kazi yake ni kutoa dawa za mwili, kuuambia utumbo usukume, usisukume. Zimeota uvimbe. Uvimbe unatoa dawa hizo ovyo, ndiyo kuharisha, ndiyo kifua kubana. Kawaida ini linazikamata, kama forodha ya Kasumulu inavyokamata magendo. Lakini uvimbe ukishahamia kwenye ini lenyewe, umevuka mpaka, unamwaga mzigo wake moja kwa moja kwenye damu. Ndiyo uso kuwaka. Waliotazama nyama wameona chembe zinazogawanyika ni chache sana. Hatua ni ya nne, ndiyo, lakini si ya nne ile ya watu wengine. Kuna majina marefu, alituandikia. Mimi nilishika moja tu, kasinoidi, na hilo nalo nalitamka vibaya.

"Na mimi niliishia darasa la nne," nikasema, "na bado nipo."

"Nyamaza wewe, mshika mwavuli," mke wangu akasema. Ndipo nikajua amefurahi.

Barua ya rufaa sasa ikawa barua kweli. Mabingwa wakataka picha ya ini, wakasikiliza moyo kwa muda mrefu, maana zile dawa zikizidi zinakakamaza milango ya moyo. Wakataka na mkojo wa siku nzima, wa kupelekwa na maabara moja ya mtu binafsi mpaka nje ya nchi. Ruksa nayo ilikuwa na faida yake moja, siinyimi. Lakini daktari wetu alikuwa na sharti kabla ya mkojo: siku tatu asile ndizi, kwa sababu ndizi nazo zina kitu kinachofanana na kile wanachokitafuta, zitadanganya kipimo. Na parachichi vilevile.

"Ndizi mbivu au za kupika?" mke wangu akauliza.

"Zote, mama."

"Na parachichi."

"Na parachichi."

"Daktari, ndiyo maana mnaishi Singida."

Alikula ugali na maharage siku tatu kama mtu aliye msibani, na mama mkubwa akasema hospitali sasa imeamua kumuua kwa njaa.

Ini hawakuligusa. Vivimbe vilikuwa vingi, vimetawanyika, kukata kusingemaliza. Kuna sindano inayozuia uvimbe usimwage dawa zake, inakaa kwenye barafu, alipata chache na uso ukatulia kabisa. Zilipokosekana akaishi kwa vidonge vya kuzuia kuharisha, chakula kidogo kidogo, pilipili hapana, pombe hapana. Hilo la mwisho alilipeleka mwenyewe kwa mzee wa kanisa, kwa maandishi ya daktari: mgonjwa asinywe pombe. Mzee akasoma akasema, "Si tulisema?" Hakuna dawa ya watu kama hao. Ukiwapeleka Bulyaga, wataambiwa ni taifodi.

Lakini nilichotaka kusema ni cha siku ile ya majibu. Tulipokuwa tunasimama kuondoka, mke wangu akamuuliza daktari swali ambalo mimi sikuthubutu.

"Nina muda gani?"

Nikamtazama yule mtu mfupi. Miaka minne nilikuwa nimesikiliza watu wenye majibu. Kila mmoja alijua: taifodi, amiba, umri, pombe, nyoka. Hakuna aliyewahi kusita hata kwa muda wa kumeza mate. Daktari akaikunja karatasi, akaikunjua.

"Sijui, mama," akasema. "Inaweza kuwa miaka mingi. Sijui."

Mke wangu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei ya haki, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo kama tunavyofanya. Katika watu wote wa habari hii, mimi nikiwemo, huyo peke yake sikuweza kumdharau.

Nje mvua ilikuwa imeanza. Mwavuli aliubeba mke wangu.